Wimbo Ulioishia Robo Tatu ya Njia

Wiki iliyopita nilikuwa Kitui mjini, ndani ya ukumbi wa kaunti, kwenye kikao cha wananchi kutoa maoni. Mswada wenyewe ulikuwa mfupi, karatasi nne: kwamba kwenye kazi yoyote ya kaunti, kibarua mwanamke na kibarua mwanaume wakifanya kazi ya uzito mmoja, walipwe sawa. Nikajiambia, hii itapita kabla ya chai ya saa nne. Kumbe! Akasimama kijana mmoja kontrakta, shati limepigwa pasi, simu mbili mkononi, akasema kwa adabu zote, "Mimi akina mama nawaheshimu sana. Lakini wacha tuongee ukweli. Mwanaume anachimba. Mama anabeba tu."

Anabeba tu! Nilinyoosha mkono hata kabla hajaketi. Nikapewa dakika mbili. Moja ilipotea nikitafuta sauti yangu, ya pili ikaliwa na hasira, na kengele ikalia nikiwa bado nasema, "Wewe kijana, wewe kijana..." Watu wakacheka, nikaketi. Nilirudi nyumbani nimebeba maneno yangu yote kifuani. Sasa wewe hutanigongea kengele, kwa hivyo kaa hapo, nikuambie nilichotaka kusema.

Nililelewa upande wa Nuu, kwa susu. Kwetu Ukambani nyanya ndiye susu. Wazazi wangu walikuwa wanafanya kazi mbali, na mimi sikuona pengo lolote, kwa sababu nyumba ya susu ilikuwa imejaa: mbuzi, kuku, moshi, harufu ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, unaotokota tangu mchana, na babu akikohoa kile kikohozi chake cha kutangaza kwamba amefika. Babu alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kanisa, na alipenda sana kuwa mwenyekiti. Popote palipokuwa na kamati, babu alikuwa mwenyekiti wake. Susu hakuwa na cheo chochote. Yeye alikuwa na wimbo.

Hilo la wimbo lazima nilieleze vizuri. Siku hizo kazi kubwa ilifanywa na mwethya, kile kikundi cha majirani kinachokusanyika kulima au kuchimba pamoja. Na mwethya ulikuwa na ngui, mtu anayetoa wimbo, wengine wakamwitikia. Miguu ilifuata wimbo. Mzigo ulitembea na wimbo. Ngui akinyamaza, watu walisimama, na hakuna mtu aliyeweza kumwamuru aendelee, hata chifu. Wala mwingine hakuweza kumnyang'anya wimbo katikati ya kazi. Hiyo ingekuwa aibu kubwa kuliko kumnyang'anya mtu kijiko mdomoni. Susu alikuwa ngui wa kijiji chetu.

Sasa, mwaka ninaousema, mvua ilikuwa imetukwepa misimu miwili mfululizo. Unakumbuka jua la namna hiyo? Hata majani ya miiba yalikuwa yamekauka. Mbuzi walikula karatasi. Ndipo likaja lori la mwolyo, kile chakula cha msaada, mahindi ya manjano yaliyonuka gunia na maharagwe magumu yasiyoiva hata ukiyabembeleza. Ila hakikuwa cha bure. Walioleta walisema, chimbeni bwawa la kukusanya maji ya mvua, na kila anayefanya kazi apate chakula kila Jumamosi. Namna ya kugawa waliiachia kamati ya kijiji. Na kamati, bila shaka, ilikuwa ya wanaume saba na mwenyekiti wao babu.

Kamati ikakaa, ikapitisha. Mwanaume anayechimba, gorogoro nane za mahindi kwa wiki, gorogoro ikiwa ule mkebe wa kupimia nafaka. Mwanamke anayebeba udongo, gorogoro sita. Robo tatu. Babu aliisoma hiyo sheria mbele ya watu na sauti yake nzuri ya kusoma matangazo kanisani, na akaongeza kwamba imefikiriwa kwa makini.

Wacha nikuonyeshe hiyo kazi ya robo tatu. Wanaume waliingia shimoni na majembe na sururu, wakachimba, wakapumzika, wakachimba. Wanawake, kama sitini hivi, walijaza udongo kwenye magunia, wakayafunga na mukwa. Mukwa ni ule mshipi wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, mzigo ukalala mgongoni. Kisha waliinama na kutembea hatua mia mbili, kwenye kokoto, hadi kwenye ukuta wa bwawa, wakamwaga, wakarudi. Kutwa. Wengine na mtoto kifuani. Susu alikuwa na alama kwenye paji lake, bonde dogo ambalo kidole changu kiliingia sawasawa, na nilipenda kulipapasa akinisuka. Nilidhani kila susu huzaliwa nalo.

Usiku huo wa ile sheria, tukiwa jikoni, susu alimuuliza babu mara moja tu. Babu akacheka. "Aa, mama, si yote inaingia sufuria moja? Nane zangu, sita zako. Watu wa nyumba hii watalala njaa?"

"Yetu inaingia sufuria moja," susu akasema. "Na za mama wa pale ng'ambo?"

Babu akaomba chumvi.

Mama wa pale ng'ambo alikuwa jirani yetu, mjane, mwenye watoto wanne. Mkubwa wao alikuwa rafiki yangu, tukikaa dawati moja darasa la sita. Nyumba yao haikuwa na mtu wa gorogoro nane. Sita zilikuwa zikiisha Alhamisi, na kutoka Alhamisi hadi Jumamosi rafiki yangu alikuwa mtu mkali sana darasani. Mimi nilimwona mchokozi. Mtoto anajua nini?

Jumatatu moja, wiki chache baada ya ile sheria, tulitoka shule mapema, tukakimbilia bwawani kama kawaida na mikebe yetu ya kubebea udongo, kwa sababu saa hizo ndizo uji wa pipa uligawiwa. Wimbo wa susu ulikuwa na sehemu nne, na nilikuwa nazijua. Ya kwanza iliwaita wanawake, ukoo kwa ukoo. Ya pili iliita mvua. Ya tatu iliwatania wanaume, na hapo vicheko vilikuwa vingi. Ya nne ndiyo iliyowafikisha ukutani, na mwisho wake kila mtu alimwaga udongo kwa pamoja, na ardhi ikasema gubu. Tuliipenda sana hiyo gubu.

Siku hiyo susu alitoa ya kwanza, akatoa ya pili, akatoa ya tatu, halafu akafunga mdomo.

Woi! Kimya kilichoanguka pale, mpaka tukasikia kengele za mbuzi ng'ambo ya mto. Wanawake sitini walisimama pale pale walipokuwa, hatua mia na hamsini kutoka shimoni. Wakateremsha magunia. Wakamwaga udongo katikati ya njia. Wakageuka kurudi, na susu akaanza tena sehemu ya kwanza, sauti tamu kabisa, bila chembe ya ugomvi.

Babu alikuja mbio, kofia mkononi. "Hii ni nini sasa?"

"Tumefika," susu akasema.

"Mmefika wapi? Ukuta uko kule!"

"Tumefika pale mlipotupimia, mwenyekiti."

Ukitaka kujua kama susu amekasirika, sikiliza alivyomwita babu. Siku njema alimwita mzee. Wiki hizo, hata nyumbani, alikuwa mwenyekiti. Mwenyekiti, maji yako ya kuoga yako tayari. Mwenyekiti, mbuzi wako wameingia. Babu alikula chakula kizuri, nguo zake zilifuliwa, hakukosewa kwa lolote, na alikonda.

Lile rundo la udongo likakua. Kufikia Ijumaa lilikuwa limemzidi mtu mzima kimo, na sisi watoto tukaliita Kamati. "Twende tuteleze Kamati!" Tulipanda juu, tukakalia majani makavu ya mkonge, tukateleza hadi chini na vumbi likituingia hadi kwenye meno. Wanaume walipotusikia walitutazama kwa jicho baya, lakini wangetukataza kwa neno gani?

Walijaribu njia zao. Punda walikuwa kisimani nusu ya kila siku. Toroli ilikuwa moja, na gurudumu lake lilitobolewa na miiba siku ya pili. Mwanaume mmoja wa kamati mwenye sauti nzuri, kiongozi wa kwaya, akasema wimbo ni wimbo, akajitokeza kutoa sehemu ya nne yeye mwenyewe. Wanawake walisimama wakamtazama. Yule mtu aliimba peke yake mpaka ukutani, akageuka, akajikuta hana mtu nyuma, na ikabidi atembee tena hatua zote zile kurudi, mbele ya macho ya kijiji kizima. Mpaka leo nikikumbuka nacheka mwenyewe. Kubeba kwa mukwa hawakujaribu. Mwanaume wa Kikamba kuonekana na mukwa kwenye paji, wakati ule? Afadhali njaa.

Lakini haikuwa mchezo. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki, na mvua ikikuta ukuta nusu, ingeusomba wote. Na kulikuwa na jambo jingine, nililolijua mimi na sikujua uzito wake.

Rafiki yangu aliniambia tukiwa juu ya Kamati, miguu yetu ikining'inia. Lori la mwolyo likija mwisho wa mwezi, likishusha, lingerudi Mombasa tupu, likipitia Salama, kule kwenye barabara kuu. Dereva alimjua mama mmoja mwenye hoteli hapo Salama aliyetaka msichana wa kuosha vyombo. Mama wa rafiki yangu alikuwa amekubali aende yeye. Mdomo mmoja ukipungua, zile gorogoro sita zitafika Jumamosi.

"Wanasema kule unakula chapati kila siku," akaniambia.

Na mimi, nakuambia ukweli wangu wote, nilimwonea wivu. Wivu wa chapati! Sikumwuliza shule je. Sikumwuliza atarudi lini. Nilimwuliza kama atanitumia moja. Alisema ndiyo, ataikunja kwenye karatasi ampe dereva, kisha akageuza uso na kujifanya anatazama mbuzi. Nimekuwa mtu mzima na bado swali langu hilo linaniuma.

Nilimwambia susu jioni hiyo. Alikuwa anapepeta. Ungo ulisimama mkononi mwake. Alinitazama, halafu akauliza lori litakuja lini. Nikamwambia Jumamosi ya wiki ijayo. "Siku kumi," akasema, akaendelea kupepeta, lakini makapi na mahindi vilikuwa vinaanguka pamoja. Najua babu alisikia, kwa sababu kile kikohozi chake kilikuwa nje ya mlango kisha kikaondoka.

Siku chache baadaye, alfajiri, mimi na rafiki yangu tulikuwa tunapeleka punda kisimani. Njia ilipita juu ya bwawa. Kulikuwa na mwanga mdogo wa kijivu, na chini kule tukaona mtu ameinama, gunia mgongoni, anatembea kutoka Kamati kwenda ukutani. Nilidhani ni mwanamke aliyewahi kazini. Lakini alikuwa mrefu sana. Alisimama mara mbili njiani. Alipomwaga, alishika magoti yake na kubaki hivyo kwa muda, kisha akarudi kujaza tena. Babu yangu, mwenyekiti, amevaa mukwa wa susu kwenye paji la uso.

Tuliwashika punda midomo wasilie. Hatukucheka. Rafiki yangu aliniambia kwa mnong'ono, "Anabeba vibaya. Ataumia shingo."

Na kweli. Siku hiyo babu alishinda akitazama mbele tu kama mtu anayepigwa picha. Ukimwita kutoka kando, aligeuka mwili mzima. Jioni susu alichemsha maji na chumvi, akachovya kitambaa, akamkanda shingo, polepole, kutoka kwenye masikio hadi mabegani. Hakuuliza, na yeye hakueleza. Nilikuwa nimeketi hapo nikiondoa mawe kwenye maharagwe, na nilisikia susu akimwambia, kwa sauti ndogo, "Inama kidogo, mzee."

Kamati ikaitishwa Ijumaa, siku moja kabla ya lori, katika darasa la watoto wa nasari. Wanaume wazima wamebanana kwenye viti vidogo, magoti yamefika kidevuni. Wanawake walisimama nje ya madirisha, na sisi tukapenya kati ya miguu yao. Katibu akasoma sheria kama ilivyo, akasema haina haja ya kubadilishwa, kwa kuwa kuchimba ni nguvu na kubeba ni kubeba.

Babu akasimama. Hakuweza kumgeukia katibu, kwa hivyo aliuambia ukuta. "Mimi nimebeba," akasema.

Viti vidogo vikalia, wote wakamgeukia.

"Nimebeba magunia tisa, alfajiri, na sikuwa natoka shimoni, nilikuwa natoka katikati. Nimechimba maisha yangu yote. Ile si robo tatu ya kitu chochote. Ni kazi nzima." Akagusa shingo. "Mwenye shaka, kesho alfajiri nitamwazima mukwa. Aje tu, watu hawatamwona. Mimi sikuonekana na mtu." Hapo rafiki yangu alinifinya mkono kwa nguvu.

Katibu alisema kwamba mwolyo hautatosha. Babu akajibu kwamba wanaume watapunguziwa hadi saba na wanawake waongezwe hadi saba, na kama kuna nyumba itakayoumia, ya mwenyekiti iwe ya kwanza. Basi wakanyoosha mikono. Mmoja, wawili, yule wa kwaya akanyoosha miwili. Watano walikubali. Katibu akaandika: mchimbaji na mbebaji, sehemu moja. Susu aliingiza kichwa dirishani. "Soma tena, mwanangu," akamwambia katibu. Akasoma. "Tena." Alisomeshwa mara tatu, kisha vigelegele vikalipuka mpaka kuku wa mwalimu wakakimbia.

Saba. Si nane. Najua unahesabu, hata mimi nilihesabu. Usiku ule nililala nikiwaza kama gorogoro moja inatosha kumzuia mtu.

Jumamosi lori likaja. Rafiki yangu alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na mfuko wake wa nguo ulikuwa tayari umewekwa mbele kwa dereva. Mama yake alipanga foleni kama wengine. Alipimiwa saba, akazifunga kwenye leso, akajitwika, akaanza kwenda nyumbani. Alitupita. Alikwenda kama hatua kumi, akasimama. Sijui alikuwa anahesabu nini moyoni. Aligeuka, akarudi hadi kwenye lori, mzigo bado kichwani, na akamwambia dereva, "Nipe huo mfuko. Huyu haendi."

Dereva akaanza kulalamika, kwamba aliahidi, kwamba mwenye hoteli anangoja. "Mwambie mimi ndiye nimekataa," mama akasema. Alipokea mfuko na kuuweka mikononi mwa bintiye. Nililia kwa kelele hadi nikachapwa kofi dogo la mgongo na susu, ambaye alikuwa analia pia.

Kamati, ile ya udongo, ilihamishwa kwa wiki mbili, kwa sehemu zote nne za wimbo, na mvua ikatukuta ukuta umesimama.

Leo ukienda huko hutapata kitu. Bwawa limejaa mchanga, watoto wanalisha mbuzi juu yake. Mwethya umekwisha, mashine ya kontrakta inachimba kwa siku tatu, dereva wake amevaa vitu vya kusikilizia muziki masikioni. Vibarua wanaitwa kwa simu, hawajuani, na wanaolipwa kidogo hawana mtu wa kunyamaza kwa niaba yao. Nisikudanganye, sitamani ile njaa. Karatasi zile nne za kaunti nazitaka zipite, na kikao kijacho nitaandika maneno yangu niyasome. Lakini susu hayupo, babu alimfuata baada ya miezi mitano, na ule wimbo sijausikia tena kwa mdomo wa mtu. Nawakosa, wewe. Nawakosa mpaka naona haya.

Jioni ile ya Jumamosi nilitumwa ng'ambo kupeleka kaa la moto, nikamkuta mama wa rafiki yangu amepakua. Alinipa sahani bila kuuliza kama nimekula. Tukakaa chini sote, watoto wanne na mimi, na yeye akavuta kigoda, akajipakulia muthokoi kwenye kifuniko cha sufuria, akaanza kula. Rafiki yangu aliacha mkono wake hewani, akamtazama mama yake. Wadogo zake nao wakamtazama. Nami nikajikuta namtazama, kwa kuwa nilikuwa nimeingia nyumba ile kila siku ya maisha yangu, na nilikuwa sijawahi kumwona akila.